Usalama wa Mashine ya Kufyonza Vumbi Huanzia Ukutani: Mwongozo kwa Kaya za Kilosa na Mikumi

Kiangazi kinapoingia katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vumbi huingia nalo majumbani. Hupita kwenye nyavu za madirisha, hutua juu ya makochi na mikeka, na hujikusanya chini ya vitanda ambako ufagio haufiki vizuri. Katika mji mdogo wa Mikumi, wenye nyumba za wageni na gereji zilizopangana kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, usafi wa chumba na wa gari ni sehemu ya biashara ya kila siku.

Kwa sababu hiyo, mashine ya kufyonza vumbi, ambayo awali ilijulikana zaidi katika hoteli na ofisi kubwa, sasa inatafutwa pia na wenye kaya, wenye gereji na wenye nyumba ndogo za wageni. Mojawapo ya aina zake ni ile inayofungwa ukutani. Mashine hiyo haichukui nafasi sakafuni, mpira wake mrefu hufika kila pembe ya chumba au ndani ya gari, na mtumiaji halazimiki kuiburuta.

Hata hivyo, kuifunga mashine hiyo kunahitaji mambo mawili ambayo mnunuzi huweza kuyasahau anapokuwa dukani: ukuta unaoweza kubeba uzito wake, na mfumo wa umeme unaoweza kuihudumia bila kuvuja wala kupata moto. Mashine nzuri iliyofungwa kwenye ukuta dhaifu au kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi ni hatari kwa familia nzima. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia kabla ya kununua, wakati wa kufunga na katika matumizi ya kila siku.

Umeme umefika, wajibu umeongezeka

Kilosa si mgeni wa umeme. Bwawa la Kidatu, lililojengwa katika Mto Ruaha Mkuu kusini mwa Mikumi, limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kwa miaka mingi, hata hivyo, nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya vijiji vingi nchini ambavyo wakazi wake waliendelea kuwasha koroboi. Hali hiyo ilianza kubadilika kwa kasi baada ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kuundwa chini ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na baada ya Serikali kuweka gharama ya shilingi 27,000 kwa mteja wa kijijini anayeunganishiwa umeme wa njia moja.

Nyumba nyingi zilizounganishwa zilianza na mahitaji madogo: taa mbili au tatu, redio, na soketi ya kuchajia simu. Mfumo wa nyaya uliwekwa kwa kiwango hicho. Miaka inapopita, mwenye nyumba huongeza luninga, jokofu, pasi, birika la umeme, na hatimaye mashine ya kufyonza vumbi. Vifaa vinaongezeka, lakini nyaya zilizomo ukutani hubaki zilezile. Hapo ndipo hatari huanza.

Ni vema ikafahamika kuwa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) hukagua mfumo wa nyaya wa nyumba kabla ya kuunganisha umeme kwa mara ya kwanza. Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO, lakini nyaya, swichi na soketi zilizo upande wa ndani baada ya mita ni wajibu wa mwenye nyumba. Soketi inayoongezwa miaka mitatu baadaye na fundi wa mtaani huwa haijaonwa na mkaguzi yeyote.

Mashine inavyofanya kazi

Ndani ya mashine ya kufyonza vumbi kuna mota inayozungusha pangaboi kwa kasi kubwa. Mzunguko huo huvuta hewa kupitia mpira, na hewa hiyo huja na vumbi. Vumbi hubaki kwenye mfuko au pipa dogo, hewa hupita kwenye chujio, kisha hutoka nje ya mashine ikiwa imepungua uchafu. Hewa hiyohiyo husaidia kuipooza mota. Chujio likiziba, hewa hupungua, mota hupata joto, na mashine huweza kuungua.

Mashine za kufungwa ukutani ziko za namna tatu. Ya kwanza hufyonza vumbi kavu pekee. Ya pili hufyonza vumbi na maji, na kwa kawaida ina pipa kubwa zaidi. Ya tatu ni nyepesi, hutumia betri, na kinachofungwa ukutani ni kishikizo chenye chaja. Mnunuzi anapaswa kujua kwa hakika anachukua ipi, kwa kuwa mashine ya vumbi kavu ikifyonza maji, maji hayo huweza kufika kwenye mota na kusababisha shoti.

Kabla ya kulipa dukani

Jambo la kwanza la kuangalia ni kibandiko cha mtengenezaji kilichopo kwenye mashine. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Mashine iliyoandikwa volti 110 au 120 imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, na ikichomekwa hapa bila kipunguza umeme huungua mara moja. Tahadhari hii inawahusu hasa wanaonunua vifaa vilivyotumika kutoka nje ya nchi.

Pili, mnunuzi ajiridhishe kuhusu ubora. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye dhamana ya viwango vya bidhaa nchini. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na namba ya toleo, au ambayo waya wake wa umeme ni mwembamba kuliko kawaida, haifai kununuliwa hata kama bei yake ni ya kuvutia. Mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) na kadi ya udhamini. Bila risiti, ni vigumu kudai haki pale kifaa kinapobainika kuwa na kasoro.

Tatu, aangalie plagi. Plagi inayotumika nchini ina meno matatu ya mraba, na ndani yake mna fyuzi. Baadhi ya mashine huwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo humaanisha kuwa zimetengenezwa kwa kinga maradufu na hazitegemei waya wa ardhi. Mashine isiyo na alama hiyo, hasa yenye mwili wa chuma, ni lazima ichomekwe kwenye soketi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi.

Nne, asome uzito. Tuseme mashine ina uzito wa kilo 6 na pipa la lita 15. Ikifyonza maji hadi kujaa, uzito huongezeka kwa kilo 15 na kufikia kilo 21. Ongeza mvuto wa mtu anayevuta mpira kutoka upande wa pili wa chumba. Uzito huo wote huning'inia kwenye skrubu tatu au nne.

Ukuta wa nyumba yako ni wa aina gani?

Maelekezo yanayokuja na mashine hizi kwa kawaida huchukulia kuwa ukuta ni wa zege, matofali imara au nguzo za mbao. Katika Kilosa na Mikumi zipo nyumba za matofali ya saruji, nyumba za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa saruji, nyumba za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na nyumba za matofali mabichi zilizopigwa lipu ya saruji juu. Zikiwa zimepakwa rangi, zote huweza kuonekana sawa kwa macho.

Njia rahisi ya kutambua ni kuangalia unga unaotoka wakati wa kutoboa. Unga wa kijivu unaotoka mfululizo humaanisha saruji. Unga mwekundu na mgumu kutoka humaanisha tofali la kuchoma. Iwapo drili inazama ghafla baada ya lipu na kutoa udongo mlaini, fundi asimame hapo hapo. Ukuta huo hautashika skrubu kwa muda mrefu, hata kama siku ya kwanza utaonekana kushika.

Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, tundu litobolewe katikati ya tofali na si kwenye kiungo. Kwa ukuta wa tofali bichi, ni salama zaidi kutofunga mashine ukutani kabisa. Badala yake, itengenezewe stendi ya mbao au ya chuma inayosimama sakafuni na kushikizwa ukutani ili isiyumbe tu, uzito wote ukiwa umebebwa na sakafu. Kuta za kutenganisha vyumba zilizotengenezwa kwa mbao nyembamba au jipsamu nazo hazifai, isipokuwa skrubu zimeingia moja kwa moja kwenye nguzo za ndani.

Mpangaji anapaswa kuomba ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta au kuongeza soketi. Mazungumzo ya dakika chache huepusha mgogoro na humpa mwenye nyumba nafasi ya kueleza nyaya na mabomba yamepita wapi.

Mfumo wa umeme ukaguliwe kwanza

Kazi ya kuongeza soketi au kubadili nyaya inapaswa kufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Leseni hizo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu, uzoefu na ukubwa wa kazi ambayo fundi anaruhusiwa kuifanya. Mafunzo ya ufundi wa umeme hutolewa na vyuo vya VETA, na Mikumi kuna chuo cha VETA. Hata hivyo, cheti cha chuo pekee si leseni. Mwananchi ana haki ya kumwomba fundi amwoneshe leseni iliyo hai kabla ya kumkabidhi kazi, na fundi makini hachukizwi na ombi hilo.

Fundi akifika, akague mambo manne.

La kwanza ni waya wa ardhi. Huu ndio njia ya kuupeleka umeme uliovuja ardhini kupitia fimbo iliyozikwa nje ya nyumba, badala ya kupitia mwilini mwa mtu. Fimbo hiyo huweza kuwa imekatika, imeibwa, au waya wake umeachia kwenye kiungio. Taa zitaendelea kuwaka na soketi zitaendelea kufanya kazi kama kawaida, hivyo mwenye nyumba hawezi kujua kwa kuangalia. Ni kipimo cha fundi tu kinachoweza kuthibitisha.

La pili ni kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho hukaa kwenye kibao cha swichi kuu. Kifaa cha miliampia 30 hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde pale umeme unapoanza kupita mahali pasipostahili, ukiwemo mwili wa mtu. Kina kitufe kidogo cha majaribio. Kitufe hicho kibonyezwe mara kwa mara, na kama umeme haukatiki, kifaa kibadilishwe. Kwa mashine inayofyonza maji, kifaa hiki ni cha lazima kwa yeyote anayethamini maisha.

La tatu ni unene wa nyaya. Soketi huhudumiwa kwa kawaida na waya wa milimita za mraba 2.5, na taa kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Soketi iliyochepushwa kutoka kwenye waya wa taa isitumike kwa mashine hii.

La nne ni mzigo wote wa umeme. Plagi yenye fyuzi ya ampia 13 inaweza kupitisha takriban wati 3,000 katika volti 230. Mashine ya wati 1,400 pekee huvuta takriban ampia 6, kiasi kinachobebeka vizuri. Lakini ikichomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la umeme la wati 2,000, jumla ni wati 3,400, yaani karibu ampia 15. Ekstensheni ya bei rahisi huanza kupata moto kabla fyuzi haijakatika. Hivyo mashine iwe na soketi yake yenyewe, na isitumie ekstensheni iliyozungushwa au kupitishwa chini ya zulia.

Kaya zinazotumia kifaa cha Umeme Tayari, maarufu kama UMETA, kilichobuniwa kwa ajili ya nyumba ndogo zisizofanyiwa utandazaji wa nyaya, zisichomeke mashine hii kabla ya kusoma kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa na kupata ushauri wa TANESCO au wa fundi mwenye leseni.

Hatua za kufunga

1. Chagua mahali pakavu, karibu na soketi, mbali na jiko, sinki na bafu. Mashine isifungwe bafuni wala mahali inaponyeshewa mvua. Kibaraza kilichoezekwa bila kuta si mahali pakavu.

2. Pima urefu. Pipa liwe usawa wa kifua au chini kidogo, ili mtu mzima aweze kulitoa likiwa limejaa bila kuliinua juu ya kichwa. Swichi iwe mahali ambapo mtoto mdogo hafiki.

3. Kadiria njia ya nyaya. Nyaya zilizofichwa ukutani kwa kawaida hushuka wima kutoka darini au kupita mlalo kuelekea kwenye soketi na swichi. Kwa hiyo usitoboe moja kwa moja juu, chini, wala pembeni kwa usawa wa soketi au swichi. Kumbuka pia mabomba ya maji.

4. Zima swichi kuu kabla ya kutoboa karibu na nyaya, na tumia drili ya betri. Kama ni lazima kutumia drili ya umeme, umeme wake utoke kwenye njia nyingine ambayo haipiti kwenye ukuta huo.

5. Weka alama kwa kutumia kishikizo chenyewe kama kipimo, kisha hakikisha kimekaa sawa kwa pimamaji. Toboa kwa kina kilichoelezwa kwenye maelekezo ya mashine. Safisha unga tunduni, ingiza plagi ndogo ya plastiki inayoshika skrubu, kisha kaza skrubu.

6. Jaribu kishikizo kabla ya kutundika mashine. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa takriban kilo 20. Lining'inize kwenye kishikizo, pamoja na tofali mbili au tatu ndani ya mfuko, na uliache kwa saa moja. Uzito wa jaribio uzidi ule wa mashine ikiwa imejaa. Watoto wakae mbali. Kama skrubu zimesogea hata kidogo, au lipu imepasuka, ukuta huo haufai.

7. Tundika mashine, unganisha mpira, kisha chomeka plagi. Waya wa umeme usinyooshwe kwa nguvu, usipitishwe kwenye mlango na usibanwe na kishikizo.

Vitu visivyofyonzwa

Baada ya kufungwa vizuri, hatari inayobaki ni matumizi yasiyo sahihi. Katika nyumba zinazopika kwa mkaa, jambo la kwanza la kukatazwa ni kufyonza majivu ya jiko. Kaa la moto hujificha ndani ya majivu kwa saa nyingi likiwa halionekani. Likivutwa ndani ya pipa lililojaa vumbi na karatasi, hewa inayopita kwa kasi hulichochea kama mtu anayepuliza jiko. Moto huweza kuwaka ukutani wakati mwenye nyumba ameshaondoka chumbani.

Katika gereji, petroli iliyomwagika, mafuta ya taa na rangi za kupuliza zisifyonzwe kwa mashine ya kawaida. Mota ya mashine hutoa cheche ndogo ndani yake, na mvuke wa petroli huhitaji cheche moja tu. Gari linalosafishwa ndani lifunguliwe milango yote, na dumu la akiba la mafuta litolewe kwanza.

Vumbi laini sana kama saruji, chokaa na unga wa mashine za kusaga nafaka nalo halifai. Hupenya au kuziba chujio upesi, na unga wa nafaka ukitawanyika hewani kwa wingi huweza kulipuka ukipata moto. Vipande vya vioo na misumari hutoboa mfuko na mpira. Mashine ya vumbi kavu isielekezwe kwenye maji hata kidogo.

Mtumiaji avae viatu vikavu na asishike plagi kwa mikono yenye maji. Achomoe kwa kushika plagi yenyewe, si kwa kuvuta waya. Chujio likung'utwe au kuoshwa kama maelekezo yanavyosema, na likioshwa likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Umeme ukikatika wakati wa kazi, swichi izimwe na plagi ichomolewe. Vinginevyo mashine huweza kuwaka yenyewe umeme ukirudi usiku, ikiwa peke yake au mbele ya mtoto.

Kwa mashine za betri, chaja iwe ile iliyokuja na mashine. Betri iliyovimba, inayotoa harufu au inayopata joto lisilo la kawaida isichajiwe tena.

Baada ya mafuriko, umeme ndio hatari ya kwanza

Wakazi wa Kilosa wanayajua maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mapema Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafurika hadi mjini, ukaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu vibaya sehemu ya Reli ya Kati. Maji ya mto huo yamerejea kusumbua wakazi katika misimu mingine ya mvua.

Maji yanapopungua na kuacha tope sakafuni, ni rahisi kuiona mashine inayofyonza maji kama mkombozi. Lakini nyumba iliyofurika ni mahali pa hatari zaidi kuwasha kifaa chochote cha umeme. Maji huweza kuwa yameingia kwenye soketi za chini, kwenye mabomba ya nyaya ukutani na kwenye mashine yenyewe. Vilevile, tofali bichi na udongo wa viungo hulainika, na kishikizo kilichokuwa imara mwezi uliopita huachia.

Utaratibu salama ni huu: swichi kuu izimwe mapema maji yanapokaribia, mradi mtu anaweza kuifikia akiwa amesimama pakavu. Kama maji yameshaingia, asiiguse, bali aombe TANESCO wakate umeme kutoka nje. Tope liondolewe kwa koleo, ndoo na ufagio. Umeme usirudishwe hadi fundi mwenye leseni apime nyaya. Mashine iliyozama isijaribiwe hata kama imekauka kwa nje.

Wajibu wa wenye nyumba za wageni na gereji

Mashine inapotumiwa na mfanyakazi, usalama wake haubaki kuwa hiari ya mmiliki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kuhakikisha vifaa vya kazi ni salama na kwamba mfanyakazi amepewa maelekezo ya kuvitumia. Mhudumu wa vyumba aliyeajiriwa jana ana haki ya kuelezwa swichi kuu iko wapi, mashine hiyo hufyonza nini na haifyonzi nini. Maelekezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa karibu na mashine. Kizimamoto kinachofaa kwa moto wa umeme kiwe karibu, na si kile cha maji.

Gharama ya umeme

Mashine ya wati 1,400 ikitumika kwa dakika 15 hutumia uniti 0.35. Ikitumika hivyo kila siku kwa siku 30, jumla ni uniti 10.5. Kwa mteja wa nyumbani wa daraja la D1, lililowekwa kwa wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni takriban sehemu moja ya saba ya kiwango chake. Kaya iliyo karibu na kikomo hicho ipime matumizi yake, kwa kuwa uniti zinazozidi hutozwa bei ya juu. Kuitumia mashine mara mbili au tatu kwa wiki, huku ufagio ukiendelea na kazi yake siku nyingine, kunatosha kwa nyumba nyingi.

Likitokea tatizo

Dalili za hatari ni harufu ya plastiki inayoungua, plagi yenye joto, soketi iliyobadilika rangi, mashine inayopiga shoti ndogo inapoguswa, au swichi inayojikata mara kwa mara. Dalili mojawapo ikionekana, mashine izimwe, ichomolewe na isitumike hadi fundi aikague. Swichi inayojikata inatoa taarifa. Kuifunga kwa waya au kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuinyamazisha taarifa hiyo, huku hatari yenyewe ikibaki.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe kwa mikono. Kwanza izimwe swichi kuu. Kama haiwezekani, asukumwe kwa mti mkavu au kitu kingine kisichopitisha umeme, na anayemsaidia asimame pakavu. Kama hapumui, anayejua huduma ya kwanza aanze kumkandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakati wengine wakitafuta usafiri wa kumfikisha hospitali. Hata akizinduka na kusema yuko mzima, apelekwe kuchunguzwa, kwa kuwa umeme huweza kuathiri mapigo ya moyo.

Moto wa kifaa cha umeme usimwagiwe maji. Umeme ukatwe, watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe kwa namba 114. Hitilafu za umeme kwenye mita, nguzo na nyaya za nje ziripotiwe TANESCO kwa namba 180.

Mwananchi anayepanga kununua mashine ya kufyonza vumbi anashauriwa kuanza na fundi mwenye leseni kabla ya kwenda dukani. Fundi akishathibitisha kuwa waya wa ardhi unafanya kazi na ukuta unabeba mzigo, nyumba nzima itakuwa imenufaika, kwani waya huohuo ndio unaolinda jokofu, pasi na watoto wanaocheza karibu na soketi kila siku.